Uyombo: Nani alipima afya kabla ya kinu?

MZOZO wa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kilichopangiwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, uliozua maandamano mwaka 2024, ulihusu zaidi ardhi, uvuvi na msitu wa Arabuko-Sokoke. Suala la kupima afya ya wakazi mapema halikupewa uzito huo.

Owino Uhuru, Mombasa, ni funzo. Huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaifuta 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Na hao walikuwa na ushahidi, kwani risasi huonekana katika damu.

Miale ya nyuklia ni kesi ngumu zaidi. Saratani yaweza kuzuka miaka 20 baadaye, bila alama ya kuonyesha chanzo chake. Ndiposa Marekani, kwa sheria ya 1990 iliyofufuliwa 2025, huwalipa walioishi maeneo yaliyofikiwa na vumbi la majaribio ya mabomu. Hutosha kuthibitisha makazi na ugonjwa ulioorodheshwa.

Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti nyuklia mwaka 2019, lakini mdhibiti si daktari. Mwaka 2025 serikali ilielekeza macho Siaya. Uyombo wamepumua, ila swali limehama pamoja na mradi: pasipo rekodi za saratani za kabla ya kinu, mlalamishi ataulizwa kortini iwapo ugonjwa wake haukuwapo tangu zamani.