Bima ya Wote Inayoishia Getini

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tangu kitangazwe kiwango cha Sh150,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, mjadala umekuwa mmoja: nani atamudu na nani hatamudu. Mjadala huo una haki yake. Muswada wa 2022 ulikuja na Sh340,000 ukakwama. Kinachoniudhi ni kwamba pande zote mbili zinaongea kana kwamba mgonjwa akisharuhusiwa, kazi imekwisha. Kwa aliyeumia ubongo, kazi inaanza siku hiyo anayoruhusiwa. Sheria iliyoitwa ya wote imemfikisha kwenye geti la hospitali ikamwacha hapo, yeye na anayemuuguza. Hilo ni kosa, na ni la kurekebishwa sasa.

Naijua familia moja ya Mbagala. Mama, ambaye alikuwa mama lishe, aligongwa na bodaboda alfajiri akienda sokoni. Damu ilivujia ndani ya fuvu, akapasuliwa, akaokolewa. Kwa hesabu za hospitali amepona: anapumua mwenyewe na mshono umefunga. Nyumbani ni habari nyingine. Upande wa kulia hausogei. Mama anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Kila baada ya saa mbili ageuzwe, usiku na mchana, la sivyo mgongo unachubuka na kuwa kidonda. Uji unapitishwa kwenye mpira wa puani, taratibu, kichwa kikiwa kimeinuliwa, maana ukiingia mapafuni ni nimonia. Dawa za degedege hazirukwi hata siku moja. Nepi za watu wazima zinanunuliwa moja moja, kulingana na kilichopatikana.

Binti huyo alikuwa fundi cherehani, na sasa cherehani imefunikwa kitenge. Kaka yake ni mwalimu, naye hathubutu kuacha kazi amsaidie, kwa sababu mama yupo kwenye kadi yake ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kama mtegemezi. Akiacha kazi, na kadi inakufa. Kwa hiyo mmoja anashikilia kadi na mwingine anashikilia mgonjwa. Kadi inalipia kliniki na vipimo. Nepi hailipii, taksi ya kumpeleka kliniki hailipii, wala kipato alichokiacha binti.

Watetezi wa sheria wanasema tuanze na huduma za msingi, mengine yatafuata, na kwamba bajeti ni finyu. Nawaelewa, hakuna nchi iliyoanza na kila kitu. Wengine wanakumbusha kwamba familia inaweza kudai fidia kwenye bima ya chombo kilichogonga. Inaweza, kama bodaboda hiyo ilikuwa na bima na haikukimbia.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijasikia mtu akilijibu. Dola la Tanzania limeshakubali, kwa maandishi, kwamba kumuuguza mtu wa namna hii ni gharama inayostahili kulipwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri wanachangia asilimia ya mishahara, na mfanyakazi akiumia kazini mfuko unalipa matibabu, unalipa ulemavu wa kudumu, unagharamia utengamao, na juu ya hayo unatoa malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Yaani waliotunga sheria walikaa wakamfikiria mtu asiyeweza kujilisha wala kujisafisha, wakatambua kwamba lazima awepo mwingine pembeni yake kila saa, na kwamba huyo mwingine naye anakula.

Sasa chukua dereva wa lori la kampuni aliyepinduka akiwa kazini, umweke kitanda kimoja na yule mama lishe wa Mbagala. Jeraha ni lile lile, mpira wa puani ni ule ule, ubavu unageuzwa saa zile zile. Mke wa dereva atapata malipo ya kumhudumia mumewe. Binti wa mama lishe hatapata kitu, kwa sababu mama yake hakuwa na mwajiri. Tofauti iko kwenye karatasi ya ajira peke yake, na Watanzania wengi hawajawahi kuwa nayo. Sheria ya bima kwa wote ndiyo iliyokuwa nafasi ya kuifuta tofauti hiyo. Haikuifuta.

Halafu anasimama mtu na kusema kuuguza ni wajibu wa familia, ndiyo mila zetu. Hapa nachoka. Mila zipi? Zile za ua lenye mashangazi, wifi na wajukuu wakipokezana zamu, au za vyumba viwili vya kupanga Mbagala na binti mmoja ambaye hajalala? Familia hii haijakimbia wajibu wake, inautimiza mpaka inakonda. Na mbona mila haikutajwa ilipotungwa sheria ya WCF? Mke wa dereva hana mila? Hoja hii inatolewa pale tu anayeuguza anapokuwa maskini wa sekta isiyo rasmi, na mara nyingi ni mwanamke. Ni hoja ya aibu, na viongozi waache kuitumia.

Fedha nazo zina pa kuanzia. Sheria hiyo hiyo ya bima, ilipopanga namna ya kuwalipia wasio na uwezo, ilitaja vyanzo: ushuru wa soda, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, miamala ya kielektroniki, na ada za bima za vyombo vya moto. Hicho cha mwisho kinatoka kwenye barabara zile zile zinazowapasua watu vichwa. Sehemu yake itengwe kwa walioumia ubongo na uti wa mgongo kwa namna isiyopona, wapimwe na madaktari kwa utaratibu ambao WCF inautumia tayari kupima ulemavu, na anayewauguza alipwe kila mwezi kwa jina lake. Kuanzia na walioumizwa na vyombo vya moto inatosha kwa mwaka wa kwanza, na Wizara ya Afya haihitaji kusubiri sheria nyingine ndipo ipeleke pendekezo hilo bungeni.