Gari Moshi la Pickering Limerudi kwa Nani?

Mgeni ashukaye Pickering, mji mdogo wa kaskazini mwa Yorkshire nchini Uingereza, hasimuliwi mambo mengi kabla ya kusikia sifa hii: serikali iliiua reli, wananchi wakaifufua. Naikubali nusu ya sifa hiyo. Nusu ya pili naibishia, kwani reli iliyouawa mwaka 1965 haijafufuka hata leo. Kilichofufuka ni kitu kingine.

Kitu hicho ni kizuri, wala sina haja ya kukipaka matope. Njia ya kutoka Pickering hadi bandari ya Whitby ilifunguliwa mwaka 1836, mhandisi wake akiwa George Stephenson, na mabehewa yakikokotwa na farasi. Injini za mvuke zilifika katika miaka ya 1840. Jengo la stesheni ni la mwaka 1845, kazi ya G. T. Andrews, msanifu wa York. Paa lake kubwa liliondolewa mwaka 1952, watu wakaachwa wanyeshewe, na halikurudishwa mpaka mwaka 2011. Sasa stesheni nzima imevikwa sura ya miaka ya 1930, na ukisimama chini ya paa lile injini ikitoa mvuke, lazima uwavulie kofia watu waliounda chama mwaka 1967 na kufikia mwaka 1973 wakazirudisha treni kwenye kilomita 29 za reli hadi Grosmont. Wengi walijitolea bila kulipwa senti. Hao sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na wale wanaoigeuza kazi ya watu hao kuwa kanga ya kufunikia kidonda. Mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, mkuu wa Shirika la Reli la Uingereza, alitoa ripoti iliyotaka stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe. Kila njia ya tawi ilipimwa zaidi kwa mapato yake yenyewe, kana kwamba abiria apandaye kwenye tawi haendelei na safari kwenye njia kuu na kulipa huko pia. Ni sawa na kuvifukia vijito kwa kuwa vina maji machache, kisha ukashangaa mto umepungua.

Hapa nakuomba, msomaji, utazame ramani. Pickering ilikuwa na reli upande wa kusini vilevile, kipande kifupi kilichoiunganisha na njia ya York na Scarborough. Kipande hicho kiling'olewa na hakijarudi. Treni iliyorudi inakwenda kaskazini, kwenye nyika za milima na pwani, ambako watu huenda kupunga hewa. Kusini, ambako mtu huenda kutafuta kazi, kusoma na kumwona daktari bingwa, haiendi. Tena majira ya baridi, mtu anapoihitaji zaidi, kwa sehemu kubwa imelala. Nauli yake ni ya siku ya matembezi, si ya mtu aendaye kazini siku tano kwa juma.

Nitaambiwa kwamba mji unaishi kwa wageni. Ni kweli, na vya kuwaonyesha vipo. Hatua chache kutoka stesheni kuna jumba la makumbusho la Beck Isle, lenye zana za wakulima na mafundi wa zamani. Juu kilimani kuna ngome ya Wanormani ambako wafalme walifikia walipokwenda kuwinda. Goathland, kwenye njia hiyohiyo, imejaa watu wanaotaka kuiona stesheni iliyotumika katika filamu ya kwanza ya Harry Potter, ya mwaka 2001. (Mimi ningewaambia wapande kwanza mpaka kanisani.)

Kanisani humo, mwaka 1852, mafundi walikuta chini ya chokaa michoro ya karne ya 15: Mtakatifu George na joka, Kristofa mvukisha watu mtoni, Thomas Becket akiuawa. Kasisi wa wakati ule hakuipenda, akaamuru ipakwe chokaa tena. Ilikuja kufunuliwa baadaye katika karne hiyohiyo, na leo mji unajivunia michoro ambayo mwenye mamlaka aliiona ni uchafu ukutani. Huo ni urithi uliorudishwa hasa: ukutani pale pale, kwa waumini wale wale.

Kwa reli haikuwa hivyo. Abiria wa kila siku alinyang'anywa usafiri, na miaka minane baadaye akapewa treni ya mapumziko. Mwanasiasa apigaye picha jukwaani na kusema mji umerudishiwa reli yake anawapaka wenyeji mafuta kwa mgongo wa chupa. Najua ardhi iliyoachwa na reli haikai ikingoja, na kukirudisha kipande cha kusini kutagharimu fedha nyingi. Basi na isemwe hivyo waziwazi, deni liandikwe kuwa deni. Na kwa kuwa stesheni ina nafasi kwa miaka ya 1930, mimi ningeupa mwaka 1965 ukuta mzima, uwe na ratiba ya mwisho ya treni za kusini, saa kwa saa, mgeni aisome kabla hajanunua chai.

Kwa leo, ukifika pale dirishani ukaomba tiketi ya York, utaelekezwa kwa adabu kituo cha basi.