Hati za Kiarabu: Mmoja Ana Jicho, Mwingine Ana Sikio

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Nami nimetembea, na niliyoyaona katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, yamenirudisha Pwani kwa fikira kabla hata sijapanda ndege ya kurudi nyumbani.

Mgeni aliyesoma chuoni akifika Istanbul hatembei hatua mia bila ya kuitwa na herufi anazozijua. Ziko juu ya milango, ziko kwenye mawe ya makaburi yaliyo kando ya njia, ziko juu ya mabomba ya maji. Lango la Chuo Kikuu cha Istanbul, pale Beyazıt, lina maandishi makubwa ya dhahabu yasemayo kuwa hapo ni idara ya mambo ya jeshi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya jengo hilo zama za masultani. Wanafunzi hupita chini yake makundi kwa makundi, na ni wachache wanaoinua macho. Katika soko kuu lililoezekwa, mlango mmojawapo una maneno ya Kiarabu yenye maana kuwa mwenye kuchuma riziki ni kipenzi cha Mungu. Nilipoyasoma nilitabasamu, kwani muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa kofia kwa bei ambayo haikuwa ya mapenzi hata kidogo.

Lakini kisa chenyewe kilitokea katika mtaa wa Fatih, mbele ya bomba la zamani la maji ya sabili. Jiwe lake la juu lilikuwa na aya ya Sura ya Al-Anbiyaa isemayo kuwa kila chenye uhai kimetokana na maji. Aya hiyo niliisoma bila ya taabu. Chini yake palikuwa na mistari mingine, na hapo ndipo nilipokwama. Herufi nilizijua zote, moja moja, ila maneno hayakuwa Kiarabu.

Kijana muuza chai, aliyekuwa akipita na sahani yake ya vigilasi, alisimama akanitazama. "Unasoma, amca?" akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza. Neno hilo amca ni sawa na letu la ami. Nikamjibu kuwa nasoma lakini sielewi. Akacheka, akasema yeye angeelewa, lau angejua kusoma.

Basi tukaanza kazi. Nikamsomea swadi na wau. "So," nikasema. Akafikiri kidogo, uso ukamng'aa: "Su!" Akanionyesha bomba lenyewe. Su ni maji. Nikamtajia dua, akaitambua. Nikamtajia neno jingine, akanishika mkono: hilo ni mama. Tukaenda hivyo, neno kwa neno, na mengine yakatushinda sote wawili. Almuradi tulipata kiini cha maneno. Mtu fulani alilijenga bomba lile kwa ajili ya roho ya mama yake, naye anamsihi kila anywaye amwombee dua.

Kijana alinyamaza kitambo. Akaniambia kuwa amenawa uso hapo tangu utotoni, na siku zote alidhani yote yale ni Kurani.

Msomaji mpenzi, tuyapime mambo haya. Yule mjenzi hakuandika aya tu. Aliandika ombi, na aliliandika kwa lugha ya watu wa mtaa ule ili kila mpita njia aelewe. Leo wajukuu wa wapita njia hao wangali wanasema lugha ile ile, lakini ombi halifiki.

Sababu yake inajulikana. Mwaka 1927 ilipitishwa sheria ya kuondoa au kufunika alama za masultani na maneno ya kuwasifu katika majengo ya umma. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Novemba 1928, serikali ya Mustafa Kemal ikapitisha sheria ya herufi mpya za Kilatini, na kabla ya mwaka 1929 kumalizika herufi za Kiarabu zilikuwa zimetoka magazetini, vitabuni na maofisini. Tusiwaonee Waturuki. Walikuwa na hoja. Lugha yao ina vokali nane, na Kiarabu kina alama za vokali tatu. Fauka ya hayo, wajuao kusoma walikuwa wachache, na herufi mpya zilisaidia kuwaongeza. Lakini faida hiyo ilikuwa na bei yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1930 alikua asiweze kusoma barua ya babake.

Siasa nazo hazijaliacha jambo hili. Baada ya vita vya Syria kuanza mwaka 2011, wakimbizi kwa mamilioni waliingia Uturuki, na mitaa kama Fatih ikajaa maduka yenye mabango ya Kiarabu. Wenyeji wakanung'unika. Mwaka 2019 wakuu wa Istanbul wakaagiza kuwa maneno ya bango la duka yawe ya Kituruki kwa asilimia 75 angalau, na mabango mengi yakateremshwa. Nayo Desemba 2021, shirika la UNESCO likaiingiza sanaa ya khati ya Uturuki katika orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika, pamoja na khati ya Kiarabu iliyoletwa na mataifa 16. Kwa hivyo herufi moja ilienziwa juu ya jiwe na ikang'olewa juu ya duka la mkate. Juu ya jiwe ni pambo lisilomdai mtu kitu. Juu ya duka inasema kuwa kuna watu hapa, wanaisoma, nao wanataka kuishi. Waama, wengi huyapenda maandishi pale tu yanapokoma kusomwa.

Je, sisi wa Pwani tuna la kuwacheka Waturuki? La hasha. Kwetu haikupitishwa sheria ya siku moja. Shule za wamishenari na maofisi ya wakoloni hayakuzitaka hati zetu, nasi pole pole tukaacha kuzifundisha. Kabla ya hapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, kule Bara Hindi. Upo Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ulioandikwa Pate, na nakala yake ya kale hutajwa kuwa ya mwaka 1728. Utendi huo wasimulia habari za Herekali, mfalme wa Rumi, na mji wake ndio huo huo Istanbul! Mwaka huo huo wa 1728 Sultani Ahmed wa Tatu alijenga bomba la maji mbele ya kasri lake, akalipamba mashairi pande zote, na tarehe yake ikafichwa ndani ya maneno kwa hesabu ya abjadi. Mshairi wa Pate na mshairi wa Istanbul wangeweza kusomeana herufi.

Hata Muyaka wetu wa Mombasa alitufikia kwa njia hiyo. Mashairi yake aliyaandika Mwalimu Sikujua kwa hati za Kiarabu, yakahifadhiwa na W. E. Taylor, na yakatoka kitabuni mwaka 1940. Lau wasingekuwapo wajuao kusoma hati hizo, leo tungekuwa tukilitaja jina la Muyaka bila ya kuwa na mashairi yake.

Wala si mashairi peke yake. Nina karatasi ya marehemu babu yangu ya kununua minazi. Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka katika ofisi moja, sitaitaja. Karani, kijana mwenye adabu zake, aliigeuza juu chini akanirudishia kwa mikono miwili. "Mzee," akaniambia, "hii ni dua. Mpelekee imamu." Nikamsomea pale pale kwa sauti: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, idadi ya minazi, mpaka wa shamba, majina ya mashahidi. Akastaajabu. "Kumbe ni Kiswahili!" Hata hivyo kazi haikufaa, kwani nilitakiwa nilete tafsiri ya mtaalamu wa Kiarabu. Nikamwendea mtaalamu, naye akaitazama akaniambia hawezi, kwa kuwa hiki si Kiarabu. Karatasi ingali sandukuni mwangu hadi leo. Wangapi miongoni mwenu mna sanduku kama langu?

Na hapa ndipo penye tofauti kubwa baina yetu na Waturuki. Kule Fatih ilibidi tuwe watu wawili, mimi niwe jicho na yule kijana awe sikio. Huku kwetu jicho na sikio vimo katika kichwa kimoja. Mtoto wa Lamu, wa Mombasa au wa Vanga huhitimu Kurani akiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Herufi anazijua, na Kiswahili amekinyonya kwa mamake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kuwa viwili hivyo vyapatana.

Yako mambo machache ya kumfunza. Herufi be katika hati za kale huweza kusomwa b au p, kwa hivyo bata na pata zaweza kufanana. Fe huweza kuwa f au v, kama vile fua na vua. Alama ya i husimamia e pia, na alama ya u husimamia o. Mwenye kuijua lugha yake hutambua kwa maana, kama yule muuza chai alivyotambua su. Kipindi kimoja kwa wiki, kwa mwaka mmoja, chatosha.

Basi walimu wa vyuo na madrasa, nawaombeni mtenge kipindi hicho. Wenye kaunti zetu za Pwani, tafuteni wasomaji wa hati hizi muwaweke katika ofisi za ardhi na za kumbukumbu, wazee wajuao wangali hai. Na wewe msomaji, kabla hujaitupa karatasi ya bibi yako kwa kuiona imechakaa, au hujaibusu na kuitundika ukutani kwa kuidhani aya, itafutie wa kukusomea. Huenda ni deni. Huenda ni mahari. Huenda ni mama anayeomba aombewe.

Yule kijana wa Fatih aliniomba nimwandikie neno su nyuma ya kijikaratasi chake cha hesabu za chai. Nikamwandikia swadi na wau. Akakikunja, akakitia mfukoni, akashika sahani yake. Kabla ya kuondoka aliligeukia lile bomba, akainua viganja vyake viwili, akamwombea mama wa mtu asiyemjua.