Trela kuukuu za jeshi: Bei ya mnada na gharama ya kuzifikisha Kericho

MKULIMA wa majani chai wa Kericho au Bomet amezoea kuihesabu shilingi mara mbili kabla ya kuitumia. Tangu Oktoba 2025, bonasi ya viwanda vingi vya eneo hilo ilipopungua na kuzua malalamiko makubwa, hesabu hiyo imekuwa chungu zaidi. Gharama ya kwanza kumulikwa huwa ni uchukuzi: kuni za kiwanda, mbolea, mahindi, mawe ya ujenzi na, kwa wenye mashamba ya wastani, majani yenyewe.

Hapo ndipo trela kuukuu la jeshi linapoingia. Limeundwa kwa chuma kizito, ekseli yake haitetereki, magurudumu yake ni marefu kuliko ya trela za jua kali, na likipigwa mnada mara nyingi bei yake huwa chini ya ile ya trela jipya la trekta. Mtu anayeishi kwenye barabara za udongo za Konoin au Bureti, ambazo mvua ya alasiri huzigeuza utelezi karibu mwaka mzima, ana kila sababu ya kulitamani.

Swali ambalo wanunuzi wengi hulichelewesha ni moja: litafikaje nyumbani?

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inazihusu taasisi zote za umma, Wizara ya Ulinzi ikiwemo. Inataka kila taasisi iwe na kamati ya kuamua ni mali gani haihitajiki tena, kisha inataja njia za kuiondoa: kuikabidhi kwa taasisi nyingine ya umma, kuiuza kwa zabuni ya wazi, kuiuza kwa mnada wa hadhara, kuitoa kama sehemu ya malipo ya mali mpya, au kuiharibu. Watumishi wa taasisi husika wamewekewa mipaka katika ununuzi huo, ili mali isipewe jina la chakavu leo na kesho ionekane uani kwa mkubwa.

Raia wa kawaida, basi, ana haki ya kushiriki. Lakini anachonunua ni kitu jinsi kilivyo na mahali kilipo. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba mkataba mzima. Hakuna dhamana na hakuna kurudisha, na nyundo ikishagonga, muda wa kuondoa mali huanza kuhesabiwa. Anayechelewa hutozwa ada ya uhifadhi au hupoteza alichokilipia. Kambi ya jeshi haiwezi kugeuzwa gereji ya mtu anayesubiri fundi wake atoke Litein.

Kodi nayo haisahau. Vifaa vilivyoingizwa nchini bila ushuru kwa sababu mwenye navyo alisamehewa huweza kudaiwa ushuru huo vinapohamia kwa mtu asiye na msamaha, kwa mujibu wa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mnunuzi mwangalifu huuliza jambo hili kabla ya kunyanyua mkono.

Halafu kuna usajili. Trela nchini Kenya husajiliwa peke yake, kwa namba inayoanza na herufi Z, mbali na namba ya gari linalolivuta. Trela lililotumikia jeshi limeishi maisha yake yote chini ya namba za kijeshi, wala halina kitabu cha umiliki cha kiraia. Bila hati kamili za mauzo, mwenyewe atabaki na chuma alichokilipia lakini asichoweza kukiingiza barabarani. Rangi pia si jambo la urembo tu. Trela lenye madoa ya kijani na kahawia likivutwa na pikapu ya raia litasimamishwa katika kila kizuizi cha polisi, na haki hiyo polisi wanayo.

Matatizo ya karatasi, hata hivyo, hutatuliwa kwa subira. Ya chuma ndiyo yanayoua.

Trela nyingi za kijeshi zilizotengenezwa kwa vipimo vya nchi za Magharibi huwa na pete nene ya chuma kwenye mkono wa kuvutia. Katika vipimo vya NATO, tundu la pete hiyo ni milimita 76. Pete hiyo huingia kwenye ndoano kubwa yenye kufuli, iliyofungwa nyuma ya lori la jeshi. Pikapu za kiraia, kinyume chake, huvuta kwa gololi ambayo kipimo chake cha kawaida ni milimita 50. Vitu hivyo viwili havioani kabisa. Anayejaribu kuvioanisha kwa kamba, mnyororo na nondo iliyochomelewa usiku kando ya lango la kambi amejitengenezea silaha yenye magurudumu.

Umeme nao ni hadithi nyingine. Magari ya jeshi ya aina hiyo hutumia volti 24, na plagi ya trela ina pini 12. Pikapu ina volti 12 na plagi tofauti. Taa za trela zikiunganishwa hivyo hivyo, balbu za volti 24 zitatoa mwanga hafifu kama wa kibatari, ama hazitawaka. Dereva anayefuata nyuma kwenye ukungu wa Kedowa hataona chochote mpaka awe amefika. Dawa yake ni rahisi na si ghali: kubadilisha balbu, kuvuta nyaya mpya, kufunga plagi ya kiraia, kubandika viakisi. Kinachokosekana kwa kawaida si fedha za balbu. Ni saa mbili za kutulia kabla ya kung'oa nanga.

Tairi hudanganya zaidi kuliko kitu kingine chochote. Trela la jeshi huenda limesimama uani miaka mingi, kashata za tairi zake zikiwa nzima kabisa, na mnunuzi akazipapasa na kuridhika. Mpira huzeeka hata usipotembea. Pembeni mwa tairi nyingi kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1409, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi kama hiyo inaweza kubeba trela tupu kutoka uani hadi langoni, lakini si kutoka Nairobi hadi Kericho kwa kasi ya lami. Beringi za magurudumu ziko katika hali hiyo hiyo. Grisi iliyokauka haionekani kwa nje, na gurudumu huanza kutoa moshi likiwa limeshafika mbali na fundi.

Uzito nao una hesabu yake. Trela la Kimarekani aina ya M101, lililoundwa kuvutwa na magari madogo ya jeshi, lilipimwa kubeba ratili 1,500 nje ya barabara, yaani takriban kilo 680. Hiyo ni mifuko 13 ya mbolea ya kilo 50, si 30. Yule kaka yake mkubwa, M105, alipimwa kubeba maradufu, na ana breki zinazotegemea mfumo wa upepo wa lori linalomvuta. Anayemfunga nyuma ya pikapu anavuta mzigo usio na breki yoyote.

Na barabara yenyewe ni ipi? Anayetoka Nairobi au Nakuru kwenda Kericho atapita Salgaa, Sachangwan, Mau Summit na makutano ya Londiani. Hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa majina hayo. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka. Desemba 31, 2017, ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, iliwaua watu 36. Jioni ya Juni 30, 2023, trela lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu wasiopungua 52 walifariki.

Zile zilikuwa gari kubwa za masafa, wala si sahihi kuzifananisha na trela dogo la mkulima. Lakini mteremko ni ule ule, na watu walio kando ya barabara wakiuza viazi na mahindi ya kuchoma ni wale wale. Ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, unaongeza michepuko na misongamano katika njia hiyo hiyo. Njia ya Mai Mahiu, Narok na Bomet ni fupi kwa anayekwenda Konoin au Sotik, ila nayo huanza kwa mteremko wa bonde, na Machi 2018 ilikatwa na ufa wa ardhi huko Suswa.

Kwa sababu hizo, uamuzi wa busara mara nyingi ni kutolivuta kabisa. Trela likipandishwa juu ya lori la kukodi, likafungwa kwa minyororo, masuala ya pete, taa, tairi, beringi na namba ya Z huahirishwa yote mpaka lifike nyumbani, ambako fundi ana muda na vifaa. Kodi ya lori inauma, bila shaka. Waswahili walisema rahisi huvunja upishi, na anayetoa zabuni bila kuijumlisha kodi hiyo katika bei yake hajui bei aliyotoa.

Tatizo hili si jipya katika Afrika Mashariki, wala si la watu wadogo peke yao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa. Matrekta mapya yalikuwa adimu duniani. Wasimamizi wakanunua mitambo kuukuu ya jeshi, mingi ikitoka katika maghala ya Wamarekani nchini Ufilipino, ikasafirishwa hadi bandari ya Dar es Salaam. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo iliharibika mapema, vipuri havikupatikana, mafundi hawakutosha, na ardhi ngumu ya Kongwa ikamaliza iliyosalia. Mradi ulivunjwa Januari 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mitambo ilinunuliwa kwa bei nzuri. Kilichosahaulika ni kila kitu kilichopaswa kufuata baada ya kuinunua.

Kericho yenyewe ina kumbukumbu ya masalia ya vita ya namna nyingine. Mwaka 1919, ardhi ya Wakipsigis ipatayo ekari 25,000 ilitengwa kwa maafisa wa Uingereza waliopata ulemavu vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mpango ukafa, na katika miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Wenye ardhi hawakuirudishiwa, na mgogoro huo ungali hai hadi leo.

Tukirudi kwenye trela: je, likifika salama, litafaa kazi ya chai? Jibu linategemea mzigo. Majani mabichi yanahitaji hewa. Yakishindiliwa ndani ya sanduku la chuma na kufunikwa turubai, hupata joto, hubadilika rangi na hukataliwa au hushusha ubora kiwandani. Ndiyo maana malori ya viwanda yana fremu za kutundikia magunia badala ya kuyarundika. Ikizingatiwa kwamba kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na karibu kilo tano za majani mabichi, kila gunia linaloharibika njiani ni hasara ya jasho la asubuhi nzima. Trela la jeshi likikusudiwa majani, kuta zake hazina budi kukatwa na kuwekwa wavu. Kwa kuni za kuwashia mitambo ya kiwanda, mawe na mbolea, linafaa lilivyo.

Kuna njia moja ya sheria ambayo haizungumzwi sana. Kwa kuwa taasisi moja ya umma inaweza kuikabidhi nyingine mali isiyohitajika, kwa malipo au bila malipo, serikali za kaunti za Kericho na Bomet zinaweza kuomba trela za aina hii kabla hazijafika mnadani na kuziweka chini ya huduma za zana za kilimo zilizogatuliwa mwaka 2013. Vyama vya ushirika na viwanda vya wakulima wadogo havina mlango huo, maana si taasisi za umma. Kwao imebaki zabuni na mnada, kama kwa mtu mwingine yeyote, ingawa chama kinaweza angalau kugawana kodi ya lori na kumleta fundi wake siku ya ukaguzi.

Kabla ya kuandika barua ya kuomba, kaunti ingepaswa kuonyesha ni fungu gani la bajeti litakalolipia tairi mpya, pete, nyaya na usajili wa kila trela, na ni ofisa gani atakayetia saini kwamba limekaguliwa kabla ya kukabidhiwa mkulima.