Nilivyochemsha usiku wa mwezi mwekundu

Wiki hii sina umbea wa mtu. Umbea ni wangu mwenyewe, tena wa aibu.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na hapa Dar ilikuwa ni kutoka nje tu na kutazama juu. Mshkaji wangu mmoja alinitumia ujumbe mapema: "Mwezi unapatwa leo 8:30 usiku, usikose." Mbio nikamwambia bibi yangu. Bibi ni mtu wa Bagamoyo, na tangu nikiwa mdogo ananisimulia jinsi watu wa kwao walivyotoka na madebe na masinia, wakipiga kelele ili samaki chewa autapike mwezi alioumeza. Sasa macho yake yanaanza kuingia ukungu. Akaniambia, "Mume wangu, uniamshe. Nataka niuone tena mara moja kabla taa hizi hazijazimika."

Nikajifanya mjanja. Tukala mapema, saa 2 tuko kitandani, kengele nimeitega. Saa nane na nusu nikamtoa Bibi uani, nikamkalisha kwenye kiti, nikamfunika kanga. Tukatazama juu. Mwezi mweupe pee, mviringo kama sahani ya hotelini. Bibi akauangalia weee, kisha akauliza: "Mume wangu, huyo chewa keshashiba au hajaja?"

Kumbe chewa kaondoka zamani! Mshkaji aliandika saa za Kizungu. Hiyo 8:30 yake kwetu ni saa 2:30 usiku. Kuanzia hapo hadi saa 3:52 mwezi ulikuwa mwekundu, majirani wote wako barazani, sisi tunakoroma.

Sasa sikilizeni, msije mkachemsha kama mimi. Mwezi utakaopatwa wote na kuonekana vizuri hapa Dar baada ya ule ni wa 31 Desemba 2028. Ndiyo, mkesha wa mwaka mpya! Na saa ninazowapa ni zetu, za Kiswahili. Utaanza kumegwa saa 12:07 jioni, kabla haujachomoza, kwa hiyo utatoka baharini ukiwa na pengo tayari. Saa 1:16 usiku umemezwa wote. Saa 2:27 unaanza kutapikwa, na saa 3:36 mzima kama kawaida. Mnabaki na muda wa kutosha wa kwenda kwenye muziki.

Ujanja ni mahali. Mwezi utakuwa chini, upande wa mashariki, kwa hiyo ghorofa la jirani na mwembe wake ni maadui. Pale Coco Beach ndiyo penyewe, mbele ni bahari tupu. Mlioko Kigoma tafuteni mahali pa wazi zaidi, maana kwenu mwezi utachomoza ukiwa umeshamezwa karibu wote.

Vifaa? Macho yako tu. Miwani maalumu ni ya kupatwa kwa jua. Mwezi hauchomi jicho la mtu. Mwenye darubini ndogo aje nayo, atajidai. Mwenye simu aiegemeze mahali isitikisike, na azime flashi, haifiki huko.

Na huo wekundu si damu wala mkosi. Dunia inaingia kati ya jua na mwezi, kivuli chetu kinaufunika. Mwanga kidogo wa jua unapinda kwenye hewa inayoizunguka dunia, rangi ya bluu inachujwa njiani, nyekundu inapenya na kuufikia mwezi. Ni wekundu uleule wa jua linapozama. Mawingu ya Desemba yakiziba, usikimbilie kuondoka: una dakika 71, yanaweza kupasuka.

Nilipomwambia Bibi ni 2028, alinyamaza. Kisha akaniagiza nilitoe sinia lake la zamani kabatini, nilifute vumbi, nilitundike ukutani.

"Nikifika nitalipiga mwenyewe," akasema. "Nisipofika, utalipiga wewe. Ila safari hii muulize mwenzio, saa nane ya nani."

Sinia liko ukutani. Chini yake nimeandika kwa chaki: saa moja na robo usiku.