Mathe Si Mzigo wa Kupakiwa Basi

Watoto wa Nairobi tuna sentensi yetu tunayoipenda: "Tumlete mathe huku tumwangalie." Inasikika kama upendo. Mimi nasema mara nyingi ni uvivu uliovaa nguo za Jumapili.

Kwetu kikao kilifanyika kwenye grupu ya WhatsApp. Ndugu zangu walikubaliana mama aje akae kwangu, kwa kuwa mimi sina ofisi, nashinda kwa nyumba nikiandika. Dakika ishirini, mambo yakaisha. Mwenyewe hata hayumo kwenye hiyo grupu.

Sasa angalia anakoletwa. Ghorofa ya nne, lifti hakuna, na magoti yake yanalalamika hata kwenye ngazi mbili za kanisa. Kule Kakamega ana kuku, ana chama, ana kaburi la mzee analolipalilia mwenyewe. Asipoonekana asubuhi, jirani atabisha hodi kabla ya chai. Huku akianguka bafuni nikiwa nimetoka kusaka kazi, nani atajua? Jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina.

Najua mtasema: na presha je? Na kisukari? Ni kweli, anayehitaji kusafishwa damu kila wiki hawezi kukaa mbali na mashine. Lakini huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Ni lini tulipigia kelele zahanati ya kijijini isiyo na dawa jinsi tunavyopigia kelele bei ya mafuta? Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na Serikali. Serikali inawapa waliosajiliwa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi, sisi tunampa kochi la sebuleni, na kila mtu anajiona amemaliza kazi.

Pesa tunazotaka kuchanga ili nikodi nyumba kubwa zaidi zingemlipa msaidizi pale pale nyumbani, na zikabaki nauli za kwenda kumwona bila kungoja Krismasi.

Akitaka kuja, karibu, nitampisha chumba. Ila mtu ampigie simu, aulizwe. Na akikataa, tusimwite mkaidi. Lile shamba amelilima miaka arobaini. Anajua anapotaka kuzeekea.