Mkungu wa ndizi hausafiri kwa simu

Zamani kijana aliyemaliza shule akakosa kazi aliondoka kwao alfajiri, akapanda basi la Nairobi akiwa na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Kijana wa leo wa Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, si lazima asafiri. Hununua simu, akapiga picha za ndizi za mamake zikiwa bado zinang'aa kwa umande, akafungua ukurasa na kujitangazia ulimwengu kuwa yeye ni mfanyabiashara. Sina nia ya kumkejeli. Mashamba ya Gusii yamegawanywa na kugawanywa tena hata ndugu wanapakana kwa hatua chache, na kazi za ofisini haziwatoshi hata wenye shahada. Ikiwa soko limeletwa kiganjani mwake, nani atamlaumu kwa kulishika? Kinachonikera ni ushauri anaopewa.

Ushauri huo umetapakaa kote, na mwingi wake huuzwa kwa pesa. Mshauri husimama kando ya gari ambalo mwenyewe hajulikani, akatoza ada, kisha akafundisha namna ya kujipatia wafuasi elfu kumi, saa inayofaa kutuma picha na maneno ya kumnasa mnunuzi. Kuhusu gharama ya kumfikishia mnunuzi bidhaa yake, hatamki neno. Mzazi anayeuza ndama ili mwanawe alipie mafunzo ya aina hiyo ana haki ya kumuuliza mshauri: Wewe mwenyewe wauza nini, ukiacha mafunzo haya? Akijibu, na aombwe daftari lake la mauzo. Waliokuwa watu wazima mwaka wa 2006 na 2007 wanaikumbuka miradi ya piramidi iliyomeza akiba za Wakenya wengi, na lugha ya walioinadi haikuwa mbali na hii tunayoisikia sasa.

Mtandao umeifupisha njia ya habari. Njia ya mzigo ni ile ile. Picha ya mkungu hufika Nairobi kabla hujafumba na kufumbua, lakini mkungu wenyewe sharti ubebwe, upakiwe, uteremshwe, na uendeshwe tena kwa bodaboda hadi mlangoni mwa mnunuzi. Hapo ndipo biashara nyingi za vijana wetu zinapofia, wala si katika uhaba wa wafuasi.

Hebu tupige hesabu, kwa nambari za mfano tu. Kijana ananunua mkungu kwa shilingi 400. Nauli ya mzigo kwa matatu hadi Nairobi ni 150, gunia na kamba 30, bodaboda wa huko mjini 200. Data ya simu na gharama za kutuma na kupokea pesa, tuseme 50 kwa kila mkungu. Jumla ni 830. Naye ametangaza kuuza kwa 900, akaona faida ya 70 na moyo wake ukatulia. Sasa mkungu mmoja katika kila kumi ukifika umepondeka na mnunuzi akaukataa, kijana atakuwa ametumia 8,300 na kupokea 8,100. Kadiri anavyouza ndivyo anavyopoteza, huku ukurasa wake ukijaa pongezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuiona simu.

Asidhani yeyote kwamba haya huwapata wachanga peke yao. Kampuni ya Twiga Foods ilianzishwa mwaka wa 2014, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa ndizi hizi hizi: ilinunua kwa wakulima na kuwauzia wachuuzi wa Nairobi walioagiza kwa simu. Ilipata wawekezaji wakubwa, ikajitanua kwa bidhaa nyingi, na mwaka wa 2023 ikawaachisha kazi mamia ya wafanyakazi huku ikitafuta namna ya kujinusuru. Copia, iliyowauzia watu wa mashambani kupitia kwa mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kukosa fedha mpya za kuiendeleza. Hizo ni kampuni zilizokuwa na wahasibu, maghala na malori. Sembuse kijana mwenye simu moja, tena yenye kioo kilichopasuka?

Je, aache? La. Abadili hesabu. Mikungu hiyo kumi ikiuzwa kwa mnunuzi mmoja, kwa mfano mwenye mkahawa au mwenye genge la mboga, bodaboda kumi huwa gari moja, na faida huanza kuonekana. Au aiachie ndizi soko lake na kutafuta kisichooza. Unga wa wimbi wa Gusii unasifika kwa uji, haupondeki, na kilo tano zaenea ndani ya mfuko mdogo. Atakayeupakia na kuupa jina lake akumbuke kwamba atahitaji alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na gharama ya alama hiyo iingie kwenye bei tangu mwanzo. Vinyago vya mawe laini vya Tabaka, katika Kaunti jirani ya Kisii, vimekuwa vikivuka bahari kwa miaka mingi kabla ya simu hizi. Wachongaji wa huko wanajua kwamba kazi haikamiliki kinyago kinapong'arishwa, kwa kuwa kisipofungwa vizuri hufika ng'ambo kikiwa vipande viwili.

Kuna methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili hujitembeza, na mnunuzi hana mkono wa kubonyezea wala pua ya kunusia. Anategemea neno la muuzaji tu. Mama anayeuza managu sokoni Ekerenyo hawezi kukuwekea majani ya juzi chini ya yale mabichi, kwa sababu kesho mtakutana kanisani. Muuzaji wa mtandaoni hakutani na mtu kanisani. Ndiyo maana ni lazima ajifunge mwenyewe: atume picha ya mkungu ule ule atakaousafirisha, aseme waziwazi ni lini utafika, na ukiharibika njiani arudishe pesa bila kuandamwa. Naye ajilinde, maana walaghai wapo pande zote mbili. Wapo wanaotunga ujumbe wa kughushi unaofanana na wa M-Pesa, na wapo wanaolipa, wakapokea mzigo, kisha wakaomba malipo yarejeshwe eti walikosea nambari. Asiruhusu mzigo uondoke kwa kuuona ujumbe tu. Atazame salio lake mwenyewe, na apokee malipo kwa nambari ya Lipa na M-Pesa badala ya ile ya kibinafsi, ili pesa za biashara zisichanganyike na za sukari ya nyumbani.

Iko biashara nyingine ya mtandaoni ambayo walimu huizungumzia kwa sauti ya chini. Kwa miaka mingi vijana wengi wasomi nchini Kenya wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, wengine wakajenga nyumba. Sitawahubiria, ingawa mwalimu anayewakataza wanafunzi wake kunakili naye usiku akawanakilia wa Uingereza ana neno la kujibu. Nasema kama mchumi wa kijijini: mnunuzi anayeona aya kujulikana kuwa mnunuzi hawezi kukusifu kwa mwenzake, wala huwezi kumshtaki asipolipa. Mwaka wa 2022 sheria ya Uingereza ilifanya kuuza insha hizo kuwa kosa la jinai katika England, na Novemba mwaka huo huo ikaja ChatGPT, iandikayo ukurasa mzima kwa muda wa kunywa funda la chai. Waliokuwa na kazi hiyo peke yake walijikuta wakianza upya.

Narudi kwa walimu, kwa kuwa wao wanayo dawa kabatini. Somo la biashara limefundishwa katika shule zetu za sekondari kwa miaka na mikaka. Wanafunzi hukariri maana ya faida ghafi na faida halisi, wakafaulu mtihani, kisha wakatoka na kufungua kurasa mtandaoni bila kukumbuka kwamba yale maneno yaliwahusu. Kosa si lao peke yao. Mifano ya darasani ni ya mfanyabiashara asiyejulikana, anayeuza bidhaa zisizotajwa, katika mji usio na jina.

Mwalimu wa Ekerenyo anaweza kuanza muhula ujao kwa mkungu mmoja. Darasa liununue, liufunge, liupeleke kwenye kituo cha matatu na kuutuma kwa jamaa ya mmoja wao aliye Nairobi. Waandike kila shilingi iliyotoka na kila saa iliyopita, na wamwombe mpokeaji aupige picha pale pale anapoupokea. Picha mbili, ya kuondoka na ya kufika, zibandikwe ubaoni pamoja na risiti, kisha wanafunzi waulizwe wangeuza mkungu ule kwa bei gani.